Nitajuaje kama simu yangu inanipeleleza? Maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni fundi simu, Kariakoo. Wengi wanaofika mezani kwangu wana kioo kilichopasuka au tundu la chaji lililojaa vumbi. Lakini wiki haipiti bila kuja mtu, mara nyingi mwanamke, anayesubiri wateja wengine waondoke ndipo asogee na kusema kwa sauti ya chini: "Fundi, nahisi kuna mtu anaisoma simu yangu." Maswali yafuatayo ni ya watu hao, na majibu ni yale yale ninayowapa ana kwa ana.

Dalili kubwa kuliko zote ni ipi?

Itafute kwa watu kabla hujaitafuta kwenye simu. Kuna mtu anajua jambo ambalo hukumwambia.

Mama mmoja alikuwa asafiri kwenda Morogoro. Akafika stendi ya Magufuli, akaghairi, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu isipokuwa dada yake, na hata huyo alimwandikia tu WhatsApp. Jioni mumewe akamuuliza akiwa anakula: "Dada yako amesemaje ulipomwambia husafiri tena?" Alikaa na swali hilo siku tatu kabla ya kuja kwangu. Simu yake ilikuwa nzima, ya baridi, chaji inakaa hadi usiku. Kwa dalili zile zinazosambazwa kwenye magrupu, simu ile ilikuwa salama kabisa. Tulipofungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp tukakuta kompyuta ya Windows, imetumika mara ya mwisho leo hiyo hiyo saa nne asubuhi. Yeye hana kompyuta.

Kwa hiyo mimi huanza na maswali mawili kabla sijaigusa simu. Nani anajua patani au namba yako ya siri? Na nani aliwahi kubaki na simu yako dakika tano peke yake? Katika kazi yangu majibu ya maswali hayo yamenifikisha kwa mhusika mara nyingi zaidi kuliko kifaa chochote cha kupimia.

Mtu anawezaje kusoma WhatsApp yangu akiwa kwake?

Anachukua simu yako ukiwa unaoga, anafungua WhatsApp, anaelekeza kamera kwenye msimbo wa QR ulioko kwenye kompyuta au simu yake, basi. Haifiki dakika moja. WhatsApp inaruhusu vifaa vinne vya ziada, na siku hizi vinapokea meseji hata simu yako ikiwa imezimwa. Taarifa ya kuunganishwa kifaa kipya huja, ila inakuja kwenye simu ambayo wakati huo anaishika yeye, na anaifuta kwa kidole kimoja.

Kwenye Android gusa nukta tatu juu kulia, kisha Vifaa vilivyounganishwa. Kwenye iPhone sehemu hiyo iko ndani ya mipangilio ya WhatsApp. Kifaa usichokijua kiguse, kiondoe. (Kabla ya kukiondoa, soma jibu langu chini kuhusu kufuta kwa haraka.) Halafu badilisha namba ya kufungulia simu, maana ukiacha ile ile atarudi kesho. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu sita, ili mtu akiipata laini yako asiweze kuisajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Telegram nayo ina sehemu yake ya vifaa, iangalie.

Simu inapata moto na bando linaisha haraka. Siyo dalili?

Mara chache sana. Betri iliyozeeka hupata moto. Simu inayotafuta mtandao kwa shida hupata moto, ndiyo maana ukiwa kijijini au ndani ya basi chaji inakimbia. Bando mara nyingi linaliwa na video zinazojicheza zenyewe na picha zinazojipakia mtandaoni. Tena programu nyingi za upelelezi zinaweza kupangwa zitume taarifa kwa Wi-Fi pekee, kwa hiyo bando linabaki lilivyo. Mwangwi unapopiga simu nao ni tatizo la mtandao.

Kitu cha maana ni kufungua orodha ya matumizi ya data ndani ya Mipangilio na kusoma programu moja moja. Ukikuta jina usilolijua limetuma data nyingi, hapo endelea kuchimba.

Programu ya upelelezi yenyewe inaonekanaje?

Haionekani kama ya upelelezi. Inajipa jina la kuchosha, kama System Service, Sync Service au Wi-Fi, na inaficha alama yake isikae pamoja na programu nyingine. Aliyekuwekea amelipia, na taarifa zako anazisoma kwenye tovuti akiwa popote.

Kuificha alama ni rahisi. Kuficha ruhusa zake ni kazi, kwa sababu bila ruhusa haiwezi kufanya chochote. Humo ndimo ninamoishika.

Ruhusa ya kwanza ninayoiangalia ni Ufikivu. Ukitumia simu kwa Kiingereza tafuta neno Accessibility. Sehemu hii iliwekwa kwa ajili ya wasioona: programu inasoma kilichoandikwa kwenye kioo na kukitamka kwa sauti. Ni kitu kizuri mno, na ndiyo maana inauma kuona kinavyotumika vibaya. Watu wananiambia, "Lakini WhatsApp imefungwa kwa siri, hakuna anayeweza kuisoma njiani." Kweli, njiani hakuna. Ila meseji ikifika kwenye kioo chako iko wazi, la sivyo wewe mwenyewe usingeisoma, na programu yenye ruhusa hii inaisoma pamoja nawe. Huitaji msaada wa kusomewa kioo na hapo kuna kitu kimewashwa? Kifuatilie.

Ya pili ni programu za msimamizi wa kifaa. Programu ya upelelezi hujiweka hapo ili isifutike kirahisi. Ukijaribu kuifuta, kitufe kinakataa. Mpaka uizime kwenye usimamizi kwanza ndipo ifutike.

Ya tatu ni ruhusa ya kusoma arifa. Meseji inayotokea juu ya kioo inanakiliwa hata kama mwenzako aliifuta baadaye.

Halafu angalia vitu viwili ambavyo mwekaji husahau kuvirudisha. Kimoja ni ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya Play Store: ukikuta kivinjari au kidhibiti cha faili kimepewa ruhusa hiyo na wewe hujawahi kuigusa, kuna aliyeigusa. Kingine ni Play Protect, ulinzi wa Google, unaopatikana ukifungua Play Store na kugusa picha yako juu. Programu hizi humwelekeza mwekaji auzime kwanza, kwa sababu usipozimwa utapiga kelele. Nikikuta Play Protect imezimwa na mwenye simu hajui hata ni kitu gani, nachukua kiti na kukaa vizuri.

Simu yangu imeandikwa kwamba inasimamiwa na kampuni. Nimeibiwa?

Uliinunua kwa mkopo wa kulipa kila siku? Basi ni ya wenye mkopo: programu yao inaifunga simu usipolipa, na kwa kawaida huondolewa ukimaliza deni. Simu za ofisini nazo huwa hivyo. Kama hakuna mkopo wala mwajiri, ni suala jingine, na hasa kama simu ni ya zawadi au ya mtumba.

Nina iPhone. Niko salama?

Kuweka programu ya siri kwenye iPhone ni kugumu, kwa hiyo wapelelezi wengi hawaweki chochote. Wanatumia barua pepe na neno la siri la akaunti yako ya Apple, na kusoma picha, nakala na mahali ulipo kupitia iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni. Simu utaipekua mpaka kesho, hutakuta kitu. Fungua mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, shuka chini uone orodha ya vifaa. Dada aliyefunguliwa akaunti na mchumba wakati ananunuliwa simu, huyo mchumba ndiye mwenye funguo. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022 kuna sehemu inaitwa Safety Check inayokuonyesha nani unashiriki naye nini na kukata yote kwa mara moja.

Wa Android, fanyeni hivyo hivyo kwenye akaunti ya Google: angalieni vifaa vilivyoingia, na kwenye Google Maps angalieni kama mnamshirikisha mtu mahali mlipo.

Ile nukta ya kijani juu ya kioo ni nini?

Ni rafiki yako. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, nukta ya kijani inatokea kamera au maikrofoni inapotumika. Kwenye iPhone, tangu iOS 14, rangi ya machungwa ni maikrofoni na kijani ni kamera. Ukiwa unazungumza au unarekodi sauti ni lazima itokee. Ikitokea simu imelala mezani, ivute kioo chini, iguse, itakutajia programu inayohusika. Kwenye Android, Dashibodi ya faragha iliyo ndani ya Mipangilio nayo inaonyesha nani alitumia maikrofoni, kamera na mahali kwa saa 24 zilizopita.

Nilitumiwa kwenye grupu: piga nyota reli 21 reli ujue kama unadukuliwa. Kweli?

*#21# inakuonyesha kama simu unazopigiwa zimeelekezwa namba nyingine. Inaishia hapo. Haijui chochote kuhusu WhatsApp wala programu za siri. *#62# mara nyingi italeta namba usiyoijua, na watu hushtuka, kumbe ni ya sanduku la sauti la mtandao wao. Ukikuta umeelekezwa kwa namba ya mtu, ##002# inafuta yote.

Hatari ninayoiona ipo upande wa pili: tapeli anakupigia akijifanya wa huduma kwa wateja na kukwambia ubonyeze nyota 21 nyota kisha namba fulani. Ukibonyeza, umemwelekezea simu zako mwenyewe, pamoja na zile za kukusomea namba za uthibitisho. Namba ya tapeli itume kwenda 15040 kama uko Tanzania. Na piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Niliongelea friji, baada ya saa moja likaja tangazo la friji. Inanisikiliza?

Naelewa kwa nini inatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walizijaribu programu zaidi ya 17,000 za Android na mwaka 2018 wakatoa matokeo: hawakukuta zinazowasha maikrofoni kisirisiri. Walichokuta ni baadhi zinazorekodi kioo na kutuma kwa watu wengine. Wenye matangazo hawahitaji sauti yako. Wanajua uliingia duka gani, na wanajua uko Wi-Fi moja na mumeo ambaye ndiye aliyetafuta bei ya friji. Ondoa ruhusa ya mahali kwa programu zisizoihitaji.

Programu ya mikopo imewapigia ndugu zangu wote. Ilipata wapi namba?

Kwako. Ulipobonyeza "ruhusu" ili upate elfu thelathini, ilinakili majina yote, na pengine meseji pia. Huu ni upelelezi kama mwingine, na nimeona watu wazima wakilia kwa aibu baada ya mkwe kupigiwa simu. Google ilikataza mwaka 2023 programu za mikopo za Play Store kusoma majina na picha, ndiyo maana wakopeshaji wabaya sasa wanakutumia kiungo upakue nje. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kufuta programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuondoka, lakini kunazuia mapya. Malalamiko yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; Kenya ni kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

GB WhatsApp ina shida?

Ina shida. Hizi WhatsApp zilizochezewa hazitoki Play Store, na hakuna anayezikagua. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta kirusi kinachoitwa Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, ndugu yake GB. Najua mnaipenda kwa sababu inasoma meseji zilizofutwa. Kinachokuonyesha za wenzako kinaweza kumwonyesha mwingine za kwako.

Simu mpya ya dukani inaweza kuja na kirusi?

Imeshatokea. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream iliripoti kukuta virusi vya Triada na xHelper ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini; zilikuwa zinamuunganisha mteja na huduma za kulipia bila yeye kujua. Transsion, watengenezaji, walisema iliingizwa na mtu wa kati kwenye mnyororo wa usambazaji. Kirusi kilichoingizwa ndani ya mfumo namna hiyo hakitoki kwa kufomati. Kinahitaji mfumo wenyewe uwekwe upya.

Na serikali? Na hiyo Pegasus?

Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO ya Israel, ni jambo la kweli. Mwaka 2018 Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto, ilikuta dalili zake katika nchi 45, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo. Mwaka 2019 Pegasus ilipitia WhatsApp kwa simu ya kupigiwa tu, hata usipopokea, ikalenga watu wapatao 1,400. Kwa macho huioni. Mwandishi wa habari, wakili au mwanaharakati asije kwangu. Aandikie dawati la msaada la Access Now, shirika la haki za mtandaoni, wana watu wa kazi hiyo, na wenye iPhone wawashe Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali.

Lakini hata huko mkono wa mtu haukosi. Mwaka 2025 Citizen Lab ilieleza kuwa ilikuta FlexiSPY, programu inayouzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye hela, kwenye simu za watengenezaji filamu wa Kenya baada ya simu hizo kukaa mikononi mwa polisi. Simu ikitoka kwenye mikono usiyoiamini, usiitumie kwa siri zako.

Nimeiona. Niifute sasa hivi?

Subiri. Hili ndilo jibu ninaloomba ulisome mara mbili.

Ukifuta, upande wa pili taarifa zinakatika na yeye anajua. Kama ni mtu aliyewahi kukupiga au kukutishia, siku anayogundua kuwa umegundua inaweza kuwa siku mbaya kuliko zote. Kwanza jiulize utalala wapi usiku huo.

Usitafute msaada kwa simu hiyo hiyo. Usiandike "jinsi ya kutoa programu ya upelelezi" kwenye simu inayosomwa. Hata haya unayosoma, bora uyasomee kwa simu ya shoga yako. Tumia simu yake pia kupiga picha kioo chako: jina la programu, ruhusa zake, tarehe iliyowekwa, kile kifaa kilichounganishwa na saa yake. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu yako itaonekana kwake. Andika kwenye daftari tarehe na maneno aliyosema ambayo hakupaswa kuyajua.

Ukishakuwa na watu wako na mahali pa kukaa, fanya kwa mpangilio. Kwenye simu nyingine safi badilisha neno la siri la barua pepe kwanza, kisha mengine. Ondoa vifaa vyote. Halafu ifomati simu, na usirudishe programu kutoka kwenye nakala ya zamani. Pakua upya moja moja. Weka namba mpya ya kufungulia isiyo mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi ukiwa na zile picha. Kenya, namba 1195 ni ya bure.

Ni mume wangu. Sheria inamruhusu?

Ndoa haikumpa ruhusa hiyo. Faragha yako imo kwenye ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya. Kuingilia kifaa na mawasiliano ya mtu bila haki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa Tanzania, na kwa Kenya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018.

Na mimi nina mashaka na mwenzangu. Unaweza kuniwekea?

Hapana, kwa bei yoyote. Wanaume wanaoniomba ni wengi, wanawake nao wapo, na najua wengine wanaumia kweli. Ila elewa unachonunua: meseji, picha na mahali alipo mwenzako vinakaa kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua. LetMeSpy, programu ya upelelezi ya Poland, ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za waliokuwa wakipelelezwa zikamwagika, ikafunga. Mwaka 2021 mamlaka za Marekani ziliipiga marufuku SpyFone, nyingine ya aina hiyo, kufanya biashara hiyo. Mtoto mdogo ni tofauti: weka Family Link, programu ya Google ya wazazi, mwambie umeiweka, naye aione.

Na wewe fundi, nitakuaminije?

Usiniamini, kaa hapa. Toa laini na memori kadi kabla hujanipa simu. Kubadilisha kioo au betri hakuhitaji patani yako. Nikitaka kujaribu kioo baada ya kazi, fungua wewe, jaribu wewe, mimi nikiangalia. Samsung nyingi za karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha picha na meseji zote wakati fundi anafanya kazi, iwashe mbele yangu. Fundi akisema aache simu ilale kwake na umwandikie patani kwenye karatasi, chukua simu yako uende meza nyingine, Kariakoo mafundi tuko wengi.